Gereji moja, IST ya kaka, friza la wifi na karakana yako: upange vipi

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Naishi Tabata kwa kaka yangu. Kuna gereji ndani ya fensi, nimepima ndani ni urefu mita 6, upana 3.6, geti mbele na dirisha dogo ukuta wa nyuma. IST ya kaka inalala humo, wifi naye ana friza la kulala la samaki na barafu. Wameniruhusu niweke vifaa vyangu. Nina msumeno wa meza wa inchi 10, ruta, drili, sanda, msumeno wa umeme wa mkono na randa mbili za mkono. Natengeneza stuli, shelfu na vitanda vya watoto. Nipangeje ili gari liingie kila siku na tusigombane? Na mashine ya randa ninunue sasahivi au nisubiri?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kuleta vipimo, watu wengi wananiuliza "gereji yangu ni ndogo nifanyeje" bila hata namba moja, sasa hapo mtu utamsaidiaje. Wewe umeleta kila kitu kasoro kimoja tu, hujasema geti linaangalia upande gani, tutalifikia hilo mbele.

Nianze na jambo ambalo ndo moyo wa jibu langu lote. Mtu akipata chumba cha kazi anaanza kuwaza mashine ikae wapi, benchi likae wapi, kabati likae wapi. Wewe anza na ubao. Mashine ina sentimita 70 kwa 70, hiyo sio tatizo kabisa, tatizo ni ubao unaopita juu yake, manake ubao ndo unakula nafasi, kabla ya bledi na baada ya bledi. Mbao zetu hapa zinakuja futi 12, yani mita 3.66. Gereji yako upana ni mita 3.6. Umeona hapo? Ubao mzima hauwezi hata kulala kwa upana wa chumba chako, na ukishaingia nao ndani huwezi kuugeuza. Kwahiyo kila kitu chako kitakwenda kwa urefu wa gereji, kutoka nyuma kwenda getini, hilo sio chaguo, chumba chenyewe kimeshaamua.

Alafu angalia tena. Kuchana ubao wa futi 12 kwenye msumeno wa meza unahitaji mita 3.66 nyuma ya bledi na mita 3.66 mbele yake, jumla zaidi ya mita 7, wewe una 6. Maana yake geti lazima liwe wazi na ubao utoke nje wakati unachana. Sasa wengi hapa wanaweka msumeno karibu na geti wakiwa wameupa geti mgongo, wanasukuma ubao kuelekea ndani kwasababu mwanga unatokea nyuma yao. Wewe fanya kinyume. Simama kati ya benchi, ambalo litakaa ukuta wa nyuma, na msumeno, uso uangalie getini, ubao uanzie ukuta wa nyuma utokee nje. Nina sababu mbili na zote ni za usalama. Ya kwanza, unamuona kila anayeingia, mtoto akija kununua barafu unamuona toka yuko uwanjani, hatokei nyuma ya mgongo wako ukashtuka mkono uko karibu na bledi. Ya pili ni nzito zaidi: ubao ukibana bledi unarudi kwa teke, na unarudi upande wa aliyesimama, kwa kasi ambayo huwezi kukwepa. Ukiangalia getini teke linakwenda ukuta wa nyuma ambako hakuna mtu. Ukiangalia ndani teke linatoka nje uwanjani, kwa watoto na kwa wapita njia. Na wewe mwenyewe usisimame sawa na bledi, kaa kushoto kwake kidogo, na lile bamba jembamba linalosimama nyuma ya bledi usilitoe hata siku moja unapochana, kazi yake ni kuzuia ubao usijibane.

Sasa namba. Bledi iwe mita 3.7 hivi kutoka ukuta wa nyuma, yani mita 2.3 kutoka getini. Mkia wa ubao utakuwa umelala juu ya benchi, kwahiyo urefu wa benchi kutoka sakafuni ni lazima ulingane na meza ya msumeno, au benchi liwe chini milimita 2 mpaka 3, lisizidi juu kabisa manake ubao utakwama. Pima msumeno wako ukiwa kwenye stendi yake kabla hujakata hata mguu mmoja wa benchi. Kule nje weka stendi ya roli ipokee ubao. Chora chaki sakafuni pale magurudumu ya stendi ya msumeno yanapokaa, alama nne tu, ili kila siku ukiusogeza unarudi palepale bila kupima upya.

Ila nikwambie ukweli, ubao mzima wa futi 12 utauchana mara chache sana. Kitanda cha mtoto hakina kipande cha futi 12, shelfu haina. Zoea kukata kwanza vipande kwa urefu unaokaribia, ongeza sentimita 2 au 3, unakatia nje uwanjani kwenye stendi mbili kwa msumeno wa mkono, ndo unaingia navyo ndani. Kipande cha mita 1.2 kinachanika humo ndani geti likiwa limefungwa na mvua ya masika inanyesha. Na plaiwudi au MDF ya futi 8 kwa 4 usithubutu kuipandisha nzima kwenye msumeno ule mdogo peke yako, ni hatari na haitatoka sawa. Waambie pale unaponunua wakukatie kwa vipimo vyako, maduka mengi ya bodi yana mashine, au ilaze chini nje juu ya vipande vya mbao ukate kwa msumeno wa mkono unaofuata rula ndefu ya alumini iliyobanwa.

Haya, gari. IST ina urefu wa mita 3.85 hivi na upana mita 1.7 bila vioo vya pembeni. Kaka aingie mbele kwa mbele, usukani wetu uko kulia, kwahiyo gari libane ukuta wa kushoto, abiria wote washukie nje. Acha sentimita 40 upande wa kushoto, kulia unabaki na mita 1.5. Nyuma ya gari acha sentimita 15 mpaka getini, basi pua inaishia mita 4 kutoka getini, na unabaki na eneo lako la kudumu, mita 2 kwa 3.6, ambalo gari haligusi. Hilo ndo eneo lako hata saa 2 usiku gari likiwa limelala, unaweza kusimama ukapiga randa, ukasugua msasa, ukachonga kiungo.

Ili kaka asikadirie kila siku (na akichoka hatakadiria, ataingia tu), funga kipande cha mbao ya inchi 2 kwa 3 sakafuni pale tairi la mbele linapotakiwa kusimama. Kipande kimoja tu, cha nusu mita, upande wa tairi la kushoto. Usikipitishe upana wote, manake msumeno wako unatakiwa uviringike kutoka nyuma kuja katikati kila siku, na kizuizi kirefu kitakusumbua kila unapoanza kazi mpaka utakuja kuking'oa kwa hasira.

Friza. Hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu ndo ugomvi utakapoanzia. Friza likae kona ya kulia, unapoingia tu getini. Wifi anafungua kifuniko bila kupita kwenye karakana, wateja wa barafu wanaishia getini, gari likiwepo bado kuna sentimita 85 hivi kati ya friza na bodi ya gari, mtu anapita. Kona ile haiko kwenye njia ya teke. Usiliweke nyuma karibu na benchi hata kama kuna soketi tayari.

Unga wa mbao unaliua friza taratibu. Kuna friza nililifungua nyuma kwenye gereji ya mteja mmoja, limelalamikiwa kwamba haligandishi tena na mota haizimi. Zile nyavu za kupoza zilikuwa zimevaa blanketi la unga wa mbao lililoshikana na unyevu na mafuta, unalibandua kwa kidole linatoka kipande kizima, ndani yake chuma ni moto huwezi kushika. Joto halina pa kutokea, mota inazunguka masaa yote, luku inakimbia na mwisho wake kompresa inakufa. Kwahiyo friza lisigusane na ukuta, acha kama sentimita 10, simamisha bodi nyembamba ya mita 1.2 kati yake na msumeno, juu paache wazi hewa ipite, na kila wiki pitisha brashi laini na vakyumu, ile mashine ya kunyonya vumbi, kwenye zile nyavu, likiwa limechomolewa. Kazi hiyo ifanye wewe, usimwachie wifi, uchafu ni wako.

Na umeme wa friza usiuchanganye na wako kabisa. Msumeno wa wati 1800 unavuta ampea 8 hivi ukiwa unakata, ukiwashwa tu unavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, vakyumu ya wati 1200 inaongeza 5 nyingine, tayari umefika 13 ambayo ndo mwisho wa plagi yetu ya kawaida. Ukichomeka vyote kwenye ekstensheni moja pamoja na friza, volti zinashuka kila unapowasha na kompresa haipendi hivyo, alafu siku breka ikianguka kwasababu ya msumeno wako na wewe umeshafunga umeenda zako, kesho asubuhi samaki wote wameoza. Hapo hata kama kaka anakupenda vipi, karakana imeisha. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akuletee laini mpya kutoka kwenye bodi kuu, waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampea 20 kwa ajili ya msumeno peke yake, laini nyingine kwa vakyumu na vifaa vidogo, friza libaki na laini yake. Za kwako zote mbili zipitie kwenye kifaa cha kukata umeme ukivuja, kile cha miliampea 30. Erthi ipimwe, sio kuangaliwa kwa macho. Na aweke swichi kuu ya karakana inayofungika kwa kufuli, manake gereji ni ya familia, mtoto anaingia kuchukua mpira anakuta msumeno na kitufe chekundu na cha kijani, atajaribu tu. Ukimaliza kazi unafunga, ufunguo unatembea nao.

Ekstensheni ya kuzungusha kama lazima uitumie, ifungue yote, usiiache imejisokota kwenye gurudumu lake wakati msumeno unafanya kazi, inajipasha moto ndani mpaka plastiki inayeyuka.

Sasa kuta. Ukuta wa nyuma ni benchi, lina kina cha sentimita 60 na urefu mita 1.8 hivi, chini ya dirisha upate mwanga. Lifunge ukutani kwa bolti, manake wewe una randa za mkono na benchi la magurudumu ukipiga randa linakimbia, nguvu yako yote inaishia kwenye kusukuma benchi. Jiriwa likae kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Kimo, simama wima mikono ikining'inia, benchi likifika kwenye kiungo cha kiganja ni sawa, kwa wengi inaangukia sentimita 85 mpaka 90, na mara nyingi ndo palepale stendi ya msumeno ilipo kwahiyo havitapingana. Vikipingana, ufuate msumeno.

Ukuta wa kulia, kuanzia mita 2 kutoka getini mpaka nyuma, ni wa mbao. Una mita 4 hapo, ubao wa futi 12 unaingia vizuri. Vyuma vya kubebea vitoke sentimita 35 tu, mlango wa dereva bado utafunguka. Mbao nzito ziwe chini, futi moja kutoka sakafuni kwenda juu mpaka kifuani. Ubao mmoja wa mkongo wa inchi 1 kwa 8, futi 12, unakaribia kilo 15, weka ishirini hapo una kilo 300, sasa mtu anakwenda kuzitundika juu darini juu ya gari la mtu, kwa skrubu za inchi mbili kwenye tofali la mchanga. Hapana. Juu ya gari usiweke kitu chochote kizito. Chini pia usilaze mbao sakafuni wala kuegemeza ukutani, mchwa wa Dar hawakuulizi, na sakafu za gereji zinamwaga maji kuelekea getini, siku gari limeingia na matope ya masika utakuta mbao zako zimekunywa. Kila rundo liwe na vijiti katikati hewa ipite, hasa paini za Sao Hill ambazo mara nyingi zinafika sokoni bado mbichi, ziache zipumzike humo wiki kadhaa kabla hujazifanyia kitu cha maana, la sivyo mlango wa kabati utajipinda mteja akiwa ameshalipa.

Ukuta wa kushoto ni ule unaobanwa na gari. Gari likiwepo huwezi kuufikia, kwahiyo weka vitu vya mchana tu, plaiwudi na MDF zisimame kwa ubavu juu ya vipande vya mbao, tano za milimita 18 ni sentimita 9 tu, zifungwe na mnyororo juu zisije zikamwangukia kaka kwenye gari lake. Juu yake klempu ndefu. Na vifaa unavyoshika kila dakika, patasi, rula ya pembe, nyundo, viweke juu ya benchi ukuta wa nyuma. Kwa kuning'iniza mimi napenda ule mtindo wa kuchana ubao kwa nyuzi 45, nusu moja unaipigilia ukutani ule mdomo wake ukiangalia juu, nusu nyingine nyuma ya kabati ukiangalia chini, vinashikana kwa uzito wenyewe. Leo kabati liko hapa kesho unalinyanyua unalisogeza bila kutoboa ukuta upya, na kama nyumba ni ya kupanga mwenye nyumba hatakuta mashimo mia. Patasi na randa zifunike, pwani chuma kinashika kutu ukiangalia hivi, nta ya mishumaa au ya fanicha kwenye uso wa chuma inasaidia sana.

Vumbi. Hili wengi wanalichukulia poa na mimi silichukulii poa hata kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu toka mwaka 1995, ni saratani ya ndani ya pua. Mvule unawasha ngozi na kifua, baadhi ya watu wanavimba macho kabisa. Na wewe unafanyia ndani ya nyumba ya watu, watoto wanalala ukuta wa pili. Vakyumu iunganishwe na msumeno na sanda, katikati weka ndoo yenye kifuniko cha kuzungusha hewa ili maranda yaangukie kwenye ndoo na filta isizibe haraka. Barakoa ya N95 au FFP2, sio kitambaa. Msasa wote wa mashine fanyia nje, mlangoni, labda mvua tu.

Ndo maana nikauliza geti linaangalia wapi. Kama linaangalia kusini mashariki, basi miezi ya kusi, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, upepo unaingia getini na kusukuma vumbi lote ndani, na kama kuna mlango wa kuingia nyumbani vumbi linaishia sebuleni. Hapo weka feni ya kutoa hewa kwenye lile dirisha la nyuma, fanya kazi zote upepo ukipita getini na kutokea dirishani, na mlango wa ndani uzibe chini kwa ukanda wa mpira. Kama geti linaangalia kaskazini, shida hiyohiyo utaipata Desemba mpaka Machi. Simama getini saa 10 jioni na unga kidogo mkononi, uachie, utaona wenyewe unakwenda wapi.

Gari la kaka kabla halijaingia jioni, sakafu iwe imefagiwa na hewa imetulia. Vumbi linaloelea likitua kwenye rangi ya gari, yeye akija kulifuta asubuhi na tambara kavu anachora mikwaruzo midogo kila siku, na atakuja kujua imetoka wapi. Sili, vanishi na thina usipulizie humo kabisa, pulizia nje, kwasababu mvuke wake unawaka na ndani kuna gari lenye petroli, friza linalowaka na kuzima lenyewe na swichi zake zinatoa cheche. Galoni la petroli la jenereta litoke humo. Grainda ya kunolea isikae karibu na maranda, kama unaweza nolea nje. Na matambara uliyopakia mafuta ya linsidi usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo ya maranda, yanajipasha moto yenyewe yanawaka bila kiberiti, yatandaze nje yakauke moja moja. Mtungi wa kuzimia moto wa unga kavu kilo 6 utundike karibu na geti, sio juu ya benchi, manake moto ukianzia benchi hutaufikia.

Taa, mirija miwili ya LED ya futi 4, mmoja juu ya benchi mbele yako kidogo usijitie kivuli, mwingine juu ya zile alama za msumeno. Hapo hakuna cha kusema zaidi.

Kuhusu kugombana. Hili la watu nalipa uzito sawa na la umeme. Kaeni chini nyote watatu kabla hujatoboa ukuta hata tundu moja, chora chaki sakafuni, gari hili hapa, friza hili hapa, mimi huku, na kaka aingize gari kweli juu ya michoro, afungue mlango, ashuke. Wifi afungue kifuniko cha friza mpaka mwisho. Kama kuna mtu anajibana ni rahisi kufuta chaki. Alafu mkubaliane saa. Gari linaingia saa ngapi? Kama ni saa 1 jioni, wewe mashine zinazimwa saa 12 kamili, nusu saa ya kwanza unafagia, nyingine vumbi linatua. Usiku ni kazi za mkono tu, majirani wa Tabata wako ukuta kwa ukuta na msumeno wa meza ukilia saa 3 usiku utaletewa mjumbe. Luku nayo iongelewe wazi, funga mita ndogo kwenye laini zako ulipe unachotumia. Utashangaa ni kidogo, kazi ya siku nzima bledi huwa inazunguka labda saa moja ukijumlisha, hiyo ni kama yuniti 2 na vakyumu iongezee moja na kitu. Watu wakisikia mashine inalia wanadhani luku yote imeisha kwasababu yako, mita ndogo inamaliza mjadala.

Na usishushe vifaa vyote kwa mpigo. Mwezi wa kwanza weka benchi, laini ya umeme na mbao tu, fanya kazi, uone unagonga nini na kiwiko. Kabati na shelfu za ukutani zifuate baadaye ukishajua mkono wako unaenda wapi wenyewe.

Mashine ya randa, nasema subiri. Sio kwamba ni mbaya, ila ya mezani ya inchi 12 au 13 mara nyingi ina uzito wa kilo 30 na zaidi, ina kelele kuliko kitu chochote ulichonacho, na maranda yake kwa nusu saa yanajaza ndoo zako zote, hiyo vakyumu yako haitaweza. Kwa idadi ya vitanda na stuli unazofanya sasahivi, nunua mbao palepale kwenye yadi wakupigie randa na kukunyooshea upande mmoja, unalipia kwa ubao, unakuja nyumbani unamalizia na randa zako za mkono. Siku ukiona hela unayoacha yadi kila mwezi inakuuma na oda zimejipanga, hapo ndo ununue. Ila benchi lijenge leo ukiijua hiyo mashine: upande wa kushoto chini ya jiriwa acha uwazi wa sentimita 70 upana na 55 kwenda juu, bila shelfu wala mbao ya kukingama kwa mbele, ije iingie na kigari chake kidogo cha magurudumu siku hiyo. Droo zote weka kulia.